Kwapa la Nahodha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimejiunga na klabu ya mpira wa kikapu ya mtaa. Mimi! Miaka arobaini na mbili, kitambi cha mtu anayeshona ameketi tangu ujana, na goti la kulia linalolia kama bawaba. Acha lilie.

Chanzo ni mama mkwe. Alifika jana kututembelea, na kabla hajavua viatu alishaanza kumsifia mwanyumba wangu, yule kinyozi aliyemuoa mdogo wake mke wangu. Mtaa mzima unamwita Mlingoti kwa urefu wake. Mlingoti ni nahodha. Mlingoti anaruka. Jumamosi Mlingoti anacheza na klabu ya ng'ambo ya reli, na mama mkwe atakaa mstari wa mbele. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kwa upole kama bado nashona.

Hapo mke wangu akasema, bila kupepesa macho, kwamba Jumamosi hata mume wake atacheza.

Nilimfuata jikoni kumuuliza kwa nini amesema uongo. Akasema si uongo, ni ahadi, na kwamba amechoka kusikia mume wake akiulizwa kama bado anashona. Macho yake yalikuwa yamelowa. Basi! Neno la mke wangu halitaanguka mbele ya mama yake nikiwa hai.

Leo jioni nikaenda uwanjani. Kocha ni mama mmoja muuguzi mstaafu, filimbi shingoni, sauti ya kuamsha wodi nzima. Akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, safari fupi, akaniambia nizunguke uwanja mbio. Nikazunguka. Nusu kwa mbio, nusu kwa heshima. Akasema watakaoanza ni watano na wanne wanajulikana: Mlingoti, mwalimu wa hesabu, fundi bomba na muuza gesi. Nafasi ya tano iko baina yangu na tarishi. Tarishi ana miguu ya swala. Mimi nina akili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kuinuka kitandani kumekuwa kazi ya watu wawili. Mke wangu alivuta, mimi nikasukuma.

Mpango wa kwanza: urefu. Asubuhi nilimpelekea fundi viatu raba zangu, nikamwomba aongeze soli juu ya soli. Akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia juu.

Jioni nikaingia uwanjani nikiwa mrefu. Raha iliyoje! Nilimwona mwalimu wa hesabu upara kwa mara ya kwanza. Kisha nikaruka. Mimi nilitua hapa, soli ya kushoto ikatua kwenye ndoo ya maji ya kunywa ya timu. Walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Ambaye hakucheka ni Mlingoti peke yake. Akaja, akaniinua, akaenda kwenye mkoba wake akaniletea raba zake za zamani. Eti zitanisaidia, nijaze tu vitambaa mbele. Akaniita "kaka". Hakuna kinachoniuma kama wema wa mtu ninayetaka kumchukia.

Lakini nilimaliza mazoezi, nikiwa na vitambaa viatuni na yote. Tarishi hakuja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa ukoo wetu mafundi. Jezi za klabu zimechakaa, ya muuza gesi ina dirisha mgongoni. Nikamwendea Kocha, nikamwambia nitawashonea zote mpya kwa kitambaa changu, naye anipe nafasi ya tano. Akanijibu kuwa nafasi hainunuliwi, na nikirudia neno hilo nitazunguka uwanja mpaka niombe drip. Nikabadilisha haraka. Nikasema nashona kwa moyo mmoja, bila sharti. Hapo akafurahi. Akataka tu ziwe na mikono, maana makwapa ya watu wazima ameyatazama miaka yote kazini, sasa amestaafu.

Nikatoa futi kamba, nikawapima mmoja mmoja. Nilipofika kwa Mlingoti ilibidi nipande kwenye benchi. Na pale juu ya benchi, futi kamba ikiwa imezunguka kwapani mwake, shetani akanipigia hodi. Nikamkaribisha.

Siri ya mkono wa nguo iko kwapani. Kata kwapa juu, karibu na mwili, weka na kipande cha pembe nne chini yake, na mwenye nguo atanyanyua mikono mpaka achoke mwenyewe. Lakini shusha kwapa mpaka mbavuni, kisha bana mkono. Akisimama wima, ni bwana harusi. Akitaka kunyanyua mkono, nguo nzima inamkatalia. Kila fundi ameliharibu hivyo shati lake la kwanza akiwa mwanafunzi. Mimi nitaharibu kwa makusudi, tena kwa ustadi.

Akishindwa kurusha Mlingoti, nani atarusha mbele ya mama mkwe? Nauliza tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekata na kushona tangu alfajiri, jioni nikaenda kukimbia, nikarudi kwenye cherehani. Goti limevimba. Nimelifunga kitambaa kilichobaki.

Jezi ya nahodha imekamilika. Nzuri kupita zote! Kwapa liko mbavuni. Mishono miwili kila upande, kwa uzi wa kushonea maturubai, ili hata akilazimisha isichanike. Na yangu? Yangu nimeiwekea kile kipande cha pembe nne, kitambaa laini kinachovutika. Nikiivaa naweza kupaka dari rangi.

Na sasa habari kubwa. Tarishi amekosa mazoezi tena, na kwa Kocha asiyefanya mazoezi hachezi. Akatangaza kuwa nafasi ya tano ni yangu. Akasema mbele ya wote kuwa sina mbio, sina urefu, sijui kudunda mpira, lakini kila siku nafika uwanjani kabla yake. Mlingoti ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Njiani nikawaza: nafasi ninayo, nimeipata kihalali, kwa nini nisiifumue ile jezi? Nyumbani nilishashika kifumulio kabisa. Kisha sauti ya mama mkwe ikapenya kutoka sebuleni, akimweleza jirani jinsi Mlingoti anavyoruka. Nikakirudisha kifumulio kwenye droo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekabidhi jezi. Zimepigwa pasi, zimekunjwa. Nikawaonya wasizijaribu kabla ya mchezo, zitaingia mikunjo. Mlingoti aliibandika yake kifuani mbele ya kioo cha kibanda chake cha kinyozi akasema hajawahi kushonewa nguo nzuri hivi. Akataka kunikumbatia. Nikasema nina haraka.

Mke wangu amefua soksi zangu na kuzianika peke yake, mahali pa jua, kama za mtoto anayeanza shule. Kesho!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwa shida. Mabega yamekufa.

Uwanja ulifurika. Mama mkwe mstari wa mbele, mke wangu kando yake, mikono mapajani, hatulii. Tukiwa bado na nguo zetu, Kocha akapuliza filimbi. Akatangaza kuwa klabu imepata mtu mpya baada ya muda mrefu, kwa hiyo desturi ifuatwe.

Desturi gani? Hakuna aliyeniambia! Kumbe mtu mpya, katika mchezo wake wa kwanza, huvalishwa jezi ya nahodha, tena kwa mkono wa nahodha mwenyewe. Na nahodha huvaa ya mgeni. Ndiyo karibu yao.

Mlingoti akaja na ile jezi ameibeba kwa mikono miwili. Nikasema sistahili. Watu wakasema tazama unyenyekevu. Nikarudi nyuma, fundi bomba akanisukuma mbele. Mama mkwe alikuwa anafuta machozi. Mke wangu alikuwa anacheka kwa furaha, na kicheko kile nilikuwa sijakiona siku nyingi. Ningefanya nini? Nikaingiza kichwa.

Ilinifika magotini na ikanibana tumboni. Mikono ilishuka vizuri sana. Haikupanda.

Pasi ya kwanza niliipokea kwa pua. Nikasema potelea mbali, wacha niichane. Nilivuta mpaka nikaona nyota. Uzi wa turubai! Mshono haukusogea hata kidogo. Nilijilaani na kujivunia kwa wakati mmoja.

Naye Mlingoti, ndani ya jezi yangu, kitovu nje, kipande changu cha pembe nne kwapani, alikuwa haguswi. Kila alichorusha kiliingia. Mimi nikabaki na pasi za chini, za kudundisha, maana huko ndiko mikono yangu ilikofika. Wapinzani walikuwa wakiruka juu kunizuia, mpira ukiwapita magotini kwenda kwa Mlingoti. Kocha akawa anawapigia wengine kelele waige mchezo wangu. Sikutoka uwanjani hata dakika moja. Niseme ukweli, nilifurahi.

Mwishoni tukawa tumelingana. Jitu moja la ng'ambo ya reli likaniangusha, refa akanipa mitupo miwili. Wa kwanza niliutupa kutoka chini, kwa mikono miwili, kama mtu anayemwaga maji ya kufulia. Ukapita juu ya ubao, ukaenda zake. Watu wakaangua kicheko. Nikamsikia mama mkwe akimuuliza binti yake kama ndivyo unavyotupwa. Mke wangu akajibu kwa sauti ya uwanja mzima kuwa ndiyo, huo ni mtindo wa zamani.

Wa pili nikaumwaga tena. Ukagonga chuma, ukapaa, na Mlingoti akapaa nao. Akaudaka hewani akaurudisha kikapuni. Tumeshinda! Walinibeba juu juu, mikono yangu imelala ubavuni, kama mkeka uliokunjwa.

Nyumbani jezi ikakataa kuvulika. Mke wangu akachukua mkasi akaikata nao. Alipofika kwapani akasimama. Zamani tulikuwa tukishona pamoja, anajua kwapa. Akaniuliza hili nilimkatia nani. Nikasema kitambaa kimesinyaa kwa jasho. Akamaliza kukata. Kisha akasema yeye alimwambia mama yake nitacheza, na nimecheza, kwa hilo anashukuru. Halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka, akasema kesho nikamwombe radhi mwanyumba wangu, na asirudie kuniambia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekwenda. Nathubutu kusema nilikwenda kwa moyo safi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno: mwanyumba, nimekukosea, nisamehe.

Nikamkuta Mlingoti kwenye kibanda chake cha kunyolea, na kwenye kiti cha wateja ameketi nani? Mama mkwe! Kabla sijafungua mdomo, Mlingoti akanishika mkono akaomba asinirudishie ile jezi yangu, maana hajawahi kuruka vile maishani mwake. Nikavuta pumzi niseme. Mama mkwe akanitangulia. Akasema na mimi nilijitahidi, ila Mlingoti ni Mlingoti, na nihakikishe nampatia mwanawe nguo nzuri nzuri, kwa kuwa bado nashona.

Bado nashona! Radhi ikarudi tumboni.

Nikatoka. Nje nikakutana na Kocha, akaniambia jezi zimempendeza, sasa anataka kaptura. Nikamuuliza, kwa mzunguko, kama klabu ina desturi yoyote ya kubadilishana kaptura. Akanitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa, akasema haina.

Vizuri sana. Mama mkwe ameahirisha safari ili auone mchezo ujao, na nahodha ataruka mbele yake, watu wote wakimtazama. Mke wangu nimemwambia mambo yamekwisha salama. Kaptura ya nahodha nimeshaikata. Imebaki lastiki ya kiunoni tu, na ninayo moja imechoka kabisa.