Upande wa Pili wa Maji

Kwa niaba ya Mamlaka ya Usikivu wa Umma, na kwa niaba yangu mwenyewe niliyekabidhiwa kengele, nina heshima kuwatangazia kwamba nchi sasa inasikilizwa. Yote. Hakuna tena sauti itakayotoka mdomoni mwa mtu ikapotea hivi hivi kama moshi wa jikoni. Ukisema, Mamlaka inaitikia, "Enhee."

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi. Redio ilikuwa moja, mtangazaji mmoja, na chumba cha pili alikaa bwana mmoja na kengele yake. Mtangazaji akiteleza ulimi, bwana anapiga kengele, kosa linafunikwa, taifa linaendelea kula. Kisha redio zikazaana kama sungura. Hatujamaliza kuzipa leseni, zikaja simu, na kila mwenye kidole gumba akawa kituo cha matangazo. Bwana wa kengele akabaki analinda redio ambayo hata mke wake haifungulii. Siku moja walimkuta amelala fofofo, kengele kifuani kama mtoto mchanga.

Ndipo Mkurugenzi Mkuu wetu akatoa tamko. Huyu ni mtu mwenye sauti nene. Akikwambia "habari za asubuhi" unahisi umeshtakiwa. Ndiyo maana ni yeye anayesoma lile onyo la Mamlaka redioni kabla ya kila taarifa ya habari, na hakuna mtoto asiyeweza kumwigiza. Alisema: "Zamani mdomo ulikuwa mmoja na masikio mengi. Leo midomo ni mingi na masikio hakuna. Katika muktadha huu, Mamlaka itakuwa sikio." Wakapiga makofi. Akaongeza kwamba mtu mzima mwenye akili zake hawezi kukutwa kwenye makundi ya simu ya mitaani, lakini kwa kuwa wasio na akili ni wengi, kila kundi litahesabiwa kuwa kituo cha utangazaji, na kila kituo kitapewa Afisa Msikilizaji.

Maafisa wote hao watoke wapi? Mamlaka ikafanya utafiti wa kina, ikagundua hazina ambayo taifa lilikuwa limeikalia kwa miaka: sisi vikongwe. Nikaitwa kwenye usaili. Kijana mmoja mwenye tai akaniuliza:

"Bibi, elimu yako?"

"Darasa la saba, baba. Ila nilikaa mstari wa mbele."

"Una uzoefu gani wa kusikiliza ya watu?"

"Ukuta wa chumba changu na cha jirani ni mmoja, nao ni mwembamba."

Akaandika: uzoefu wa kutosha.

Nilipewa kitambulisho, kengele ya shaba na kundi la mtaa wetu wenyewe, ule ulio bondeni. Humo mlikuwa na wanawake wa ndoo, muuza mikate, mwenye mbwa, na Fundi Cherehani, mgane mwenye heshima zake. Mlikuwa pia na mtu mmoja asiyejulikana, mwenye picha ya ua jekundu. Hakuwahi kusema neno. Fundi Cherehani aliamini ni mjane mwenye haya, na kila asubuhi alimtumia salamu: "Ua, umeamkaje? Umande umekufikia?" Ua halikujibu. Fundi akazidi kumpenda. Alisema mwanamke asiyejibu ovyo ndiye wa kuweka ndani.

Kanuni niliyotumwa kusimamia inaitwa Kanuni ya Pande Mbili. Ukisema neno linalomgusa mwingine, yule mwingine lazima apewe nafasi ya kujibu, kwa urefu uleule, kabla jambo halijaendelea. Kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya redio, watu wawili wenye suti wakigombania kura. Mkurugenzi akasema haki ni haki, haichagui chombo.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuku. Mama mmoja alitangaza kwamba kuku wake ameliwa na mbwa wa jirani. Nikapiga kengele. Nikamwendea mbwa na simu, nikamwekea mdomoni, nikamwambia, "Haya, baba, upande wako." Mbwa akakataa kuzungumza na vyombo vya habari. Kwa hiyo nikarekodi kimya chake, kwa urefu uleule wa malalamiko, nikakituma kundini. Watu walikisikiliza mpaka mwisho. Muuza mikate alisema amesikia mahali fulani katikati mbwa anameza mate kwa hatia. Nikapiga kengele tena, maana huo ulikuwa uchambuzi, na uchambuzi unahitaji kibali chake.

Mambo yakawa yanakwenda vizuri namna hiyo, mpaka tukafika kwa Mama Mabomba.

Mama Mabomba anaitwa hivyo kwa sababu asubuhi zote tangu simu ziingie mtaani, yeye ndiye anayetuambia maji yatatoka wapi na saa ngapi. Wala si miujiza. Shemeji yake, mume wa dada yake, ndiye anayefungua koki kubwa za mji. Shemeji akiwa anavaa viatu humwambia mkewe anaelekea upande gani, mke humnong'oneza dada yake, na dada yake hana kawaida ya kunong'ona. "Jamani, bondeni ndoo chini ya bomba! Kilimani mkaoge jana!" Hiyo ndiyo taarifa yake ya habari. Bila hiyo, maji yanakuja na kuondoka kama mkwe aliyekosa mtu nyumbani.

Lakini kusema "leo hakuna maji" ni neno linalomgusa mtu. Linaigusa Idara ya Maji. Nikapiga kengele, Idara ikamwingiza kundini Msemaji wake, naye akatoa upande wa pili: "Maji yapo ya kutosha. Wananchi wasiwe na hofu." Siku ya pili Mama Mabomba akasema hakuna maji, Msemaji akasema yapo ya kutosha. Wananchi wakawa na habari zenye mizani na ndoo tupu.

Mkurugenzi aliposikia akaona tatizo limeonekana: ni Mama Mabomba. Akaagiza kwamba taarifa yoyote ya maji isitolewe mpaka Idara ikubaliane nayo kwanza. Idara ikasema inalifanyia kazi. Mama Mabomba akanyamaza kisheria, na maji yakatupitia bondeni tukiwa tumelala, yakaenda zake. Watu wakaanza kuvizia mabomba kama wachawi.

Akanifuata uwani, mikono kiunoni.

"Bibi Afisa."

"Naam, mwanangu."

"Hizo nguo unazoanika, ulizifulia nini mwezi uliopita?"

"Maji."

"Nani alikwambia yanatoka?"

"Wewe. Lakini wakati ule nilisikia kama jirani. Sasa nasikia kama serikali."

"Na pale kwa jirani, kuna mzazi. Katoka kujifungua juzi, mtoto mchanga, hana hata tone la kumwogeshea. Serikali imesikia hilo?"

"Nimesikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimesikia, mwanangu. Kazi yangu inaishia hapo."

Akanitazama jinsi mtu anavyotazama chai iliyoingia inzi, akaondoka.

Alfajiri iliyofuata, kabla jogoo hajakohoa, simu ikalia. Mama Mabomba alikuwa amevunja sheria: "Amkeni! Maji yanapita bondeni sasa hivi!" Ni maneno machache, yangeweza kuwapita waliolala. Lakini mimi ni afisa, na kosa lilikuwa zito, kwa hiyo nikatoka uwani kabisa nikapiga kengele kwa nguvu zangu zote za uzeeni. Nikapita nyumba hadi nyumba nikipiga, nikisema kwa sauti, "Msisikilize habari kwamba maji yanatoka sasa hivi! Hazijathibitishwa!" Mtaa mzima uliamka ukiwa na ndoo. Mzazi alijaza mapipa mawili. Mamlaka ikanitumia barua ya pongezi kwa bidii kazini.

Mama Mabomba yeye alitumiwa wito. Aende ofisini kwa Mkurugenzi, akajieleze, na namba yake ya simu ifungwe moja kwa moja. Akishafungiwa, habari za maji mtaani zitabaki na Msemaji peke yake.

Asubuhi ya kikao tulikaa wawili kwenye kizingiti changu tukingoja gari la Mamlaka. Alikuwa amevaa gauni la arusi ya mwanawe.

"Umependeza," nikamwambia.

"Nimevaa la kunyamazia," akasema. "Bibi, nikifungiwa simu, nani atawaambia?"

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na ulitoka kwa Ua.

"Mama Mabomba! Mama Mabomba, tafadhali! Maji yamekatika, na mimi nimejaa sabuni mpaka masikioni! Macho yanawaka! Hawa watu wa Idara ni waongo, kila siku maji yapo, maji yapo, yako wapi? Kilimani yanarudi saa ngapi? Jibu haraka, nina kikao!"

Ilikuwa ile sauti nene. Sauti ya onyo la redioni. Mwenye mbwa aliniambia baadaye kwamba mbwa wake alisimama wima.

Fundi Cherehani ndiye wa kwanza kuandika. Aliandika neno moja tu: "Ua?"

Mama Mabomba akafungua mdomo, nikamzuia kwa mkono. Nikasogeza simu karibu, nikapiga kengele.

"Mwanakundi Ua," nikasema, "umetoa taarifa inayoigusa Idara ya Maji, umewaita waongo, na hujajitambulisha. Kanuni inataka jina na cheo."

"Bibi, ni mimi!"

"Mimi ni wengi, baba. Hata mbwa alijulikana ni wa nani."

Tulisikia mtu anapiga chafya ya sabuni. Kisha, kwa sauti ya chini, sauti nene ikasema, "Mkurugenzi Mkuu. Mamlaka ya Usikivu wa Umma."

"Asante. Karibu kundini. Sasa tusikilize upande wa pili."

Msemaji wa Idara hajawahi kuchelewa kazini. Akaingia papo hapo: "Maji yapo ya kutosha. Wananchi wasiwe na hofu."

"Umesikia mwenyewe, Mkurugenzi," nikasema. "Maji yapo. Endelea kuoga."

Sitayarudia aliyoyasema baada ya hapo. Niliyafunika yote kwa kengele, na mkono wangu ukauma wiki nzima. Yalipokwisha, akatoa tamko. Alisema kwamba Mamlaka, baada ya mashauriano mapana na wadau, imeona taarifa za Mama Mabomba ni huduma ya umma, hazihitaji kibali cha mtu, wito umefutwa, kikao kimefutwa, na aseme sasa hivi, jamani, aseme!

Mtu asiyejua kazi angefurahi hapo. Mimi nikapiga kengele.

"Tamko limemgusa Mama Mabomba," nikasema. "Apewe nafasi, kwa urefu uleule."

Naye akaichukua nafasi yake. Alinyoosha gauni, akashika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha uji wa moto. "Kwanza kabisa," akasema taratibu, "nawasalimu wote. Walioamka salama na walioamka vinginevyo. Nawasalimu wagonjwa. Nawasalimu walioko safarini. Nampa hongera mzazi wetu, mtoto ana afya na ameoga. Fundi Cherehani, pole sana, baba, moyo utapona. Na huko kilimani, Mkurugenzi, pole kwa sabuni, ingawa wahenga walikataza kumpa pole aliyejichoma mwiba mwenyewe. Sasa kuhusu maji. Shemeji amesema maji ya kilimani yamegeuzwa, yatarudi kesho. Leo ni zamu ya bondeni."

Haukupita muda mrefu gari la serikali likashuka bondeni, bendera inapepea. Mlango ukafunguka, akashuka mtu mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, taulo shingoni, suruali ya suti miguuni na ndoo mkononi. Povu lilikuwa limemkaukia kwenye nyusi. Watoto wakaanza kusoma onyo la redioni kwa kumwigiza, mama zao wakawafinya, kisha mama zao wenyewe wakacheka.

Foleni ilikuwa ndefu. Hakuna aliyemruka mtu. Fundi Cherehani alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga, halafu akasogea kidogo akamwachia nafasi nyuma yake.

"Karibu, Ua," akasema.

Bomba lilikuwa bado kavu. Mkurugenzi alilitazama, akatutazama sisi, akajikuna.

"Mama Mabomba, una uhakika yanakuja? Mbona sisikii kitu?"

"Inama, baba," Mama Mabomba akamwambia. "Weka sikio hapo kwenye bomba, usikilize. Si ndiyo kazi yako?"

Akaweka ndoo chini, akainama mbele ya mtaa mzima, akabandika sikio lake lenye sabuni kwenye bomba. Sisi wote tukanyamaza ili asikie vizuri. Kengele niliiacha nyumbani.