Kamanda na Simu Iliyojaa

Jumapili, 2 Juni

Nimetoka kwa kina mchumba wangu na siri nzito. Mama yake anacheza gemu. Yule mama! Muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke aliyewahi kumtoa daktari wodini kwa sababu ya viatu vichafu. Leo alikuwa kwenye kochi, miwani puani, simu mkononi, anagonga kioo kwa kidole kimoja kama anabisha hodi kwa jirani mkaidi. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

Mchumba alinivuta jikoni, akaninong'oneza kwamba tangu mama astaafu amejiunga na gemu la mtandaoni, la ngome na mazimwi, pamoja na watu asiowajua. Nikauliza gemu gani. Akasema hajui, yeye huona moto na majumba ya mawe tu. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Akili ikaanza kazi hapo hapo. Kuhusu ndoa yetu, mwenye neno la mwisho ni mama. Baba yake husema muulizeni mama yenu hata akiulizwa saa. Na mama hajasema ndiyo wala hapana. Anasema bado ananiangalia. Mwaka mzima ananiangalia! Nami nampenda binti yake mpaka najionea aibu. Sasa basi: nikiingia kwenye gemu lake kwa jina la bandia, nikamtumikia kwa uaminifu, kisha siku moja nikajifunua, atanikataaje?

Swali ni gemu gani. Yanayovuma siku hizi ni mawili. Kuna Ngome ya Ukungu, ambako mimi ni kamanda wa kikosi, mtu wa kuheshimiwa. Na kuna Milima ya Mazimwi, gemu la watu wapenda kelele. Nimelipima suala hili kitaalamu. Ngome inataka akili na mipango. Mama wa umri ule hawezi. Yuko Milimani, hapana shaka.

Jumatatu, 3 Juni

Simu imegoma. Inasema imejaa, magemu mawili hayaingii. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini wahenga hawakuwa na picha za kufuta.

Nikafuta picha. Nyingi zilikuwa za sherehe ya mama ya kustaafu, nilizompigia mwezi uliopita kwa simu hii, maana kamera ya studio ninakofanya kazi bosi haazimishi. Hakuna neno. Nilishazihamishia kwenye kompyuta ya kazini. Nakumbuka kabisa. Karibu kabisa.

Bado imejaa. Ikabidi nichague: Ngome iende.

Nikaingia kuwaaga wenzangu. Aliyekuwepo ni Sindano Moja peke yake, mganga wa kikosi. Kijana fulani mzito wa vidole, nadhani hana kazi, maana mchana kutwa yumo. Maswali yake huyo! Kamanda umekula? Kamanda umelala? Kamanda mbona umevaa vazi jepesi na huko ngomeni kuna baridi? Lakini majeraha anayajua, sijawahi kumpoteza askari mikononi mwake.

Nikamweleza yote, mwanamume kwa mwanamume. Kwamba kuna mama mkwe mtarajiwa, muuguzi mstaafu, macho yake yanapita ndani ya mtu kama eksirei. Kwamba nimembatiza jina la Simba wa Wodi. Kwamba nahamia Milimani kumpamba maneno mpaka alainike. Sindano Moja akaanza kuandika, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Kisha akaandika kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, afadhali nikamwambie huyo mama ukweli.

Nikamjibu kwamba yeye bado mdogo, siku akitaka kuoa ataelewa. Nikafuta Ngome yote.

Jumanne, 4 Juni

Niko Milimani. Jina langu: Mbeba Mizigo. Nimelichagua kwa unyenyekevu.

Na mama nimempata! Anajiita Zimwi Kuu. Pembe tatu, kitambi, rungu la mifupa. Anaongoza genge zima, na amri zake ni za wodini kabisa: simameni wima, tulieni, msipepese macho. Katikati ya vita alituambia tungoje, anamnyoosha mtu shingo. Baadaye akatoweka tena, akisema kuna mtoto analia hataki kutulia. Nani mwingine kama si muuguzi? Kastaafu lakini majirani bado wanampelekea wagonjwa. Nimeguswa kweli. Nimembebea mizigo yake yote, na joka liliponyemelea nimeliwa mimi badala yake. Mara tatu.

Kazini kumechosha. Bosi amejifungia chumba cha nyuma kutwa, anasema anapanga hesabu za mwezi. Ametoka mara mbili tu: kumpiga picha ya pasipoti mzee aliyekuwa anainamisha kichwa, na kuhangaika na mtoto aliyelia mpaka pazia la nyuma likaanguka. Foleni nzima kaniachia mimi, na mimi nina simu chini ya meza. Mteja mmoja nimemkata picha katikati ya paji la uso. Amelalamika kupita kiasi.

Jioni nimefungua kompyuta kutafuta picha za mama. Nimeikuta moja. Ya kiti. Niliipiga kujaribu mwanga kabla watu hawajakaa.

Sitaki kuliandika hili zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipanga leo iwe siku ya ushindi. Jana Zimwi Kuu alilitangazia genge kwamba kati ya wote, mwenye adabu ni Mbeba Mizigo peke yake. Nikaona chuma ndicho hiki, kingali moto, kipigwe.

Kulipokuwa hakuna wateja nikaingia gemuni. Genge lote limekusanyika kwenye pango. Nikapiga magoti, kuna kitufe chake. Nikaandika mbele ya kadamnasi kwamba, mama, mimi ndiye yule kijana unayeniangalia siku zote, nakuomba kwa heshima zote unipe binti yako nimuoe.

Zimwi Kuu akasimama pale pale, rungu juu.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Akatoka bosi, simu mkononi, kijasho usoni. Akaniuliza, kijana, wewe unajua mambo haya, mtu anafungiwaje kwenye gemu? Kuna mwendawazimu anamwita mama na kumposa binti yake, na yeye bosi ana watoto wa kiume watupu.

Nikamwambia nitaliangalia. Nikaenda chooni, nikakaa.

Shingo ilikuwa ya yule mzee wa pasipoti. Mtoto alikuwa yule wa pazia. Nimevunja kikosi changu, nimeliwa na joka, kwa ajili ya mtu ninayemwona kila siku bure.

Niliporudi nikamshauri bosi asimfungie huyo mtu, pengine ni msongo wa mawazo tu. Akakubali. Akasema ni kweli, akipona ni mchapakazi, angekuwa na mfanyakazi mmoja wa namna ile hapa studio angelala usingizi. Akanitazama, akaguna, akarudi kwenye hesabu zake.

Sasa nafikiri. Harusi zote bosi humpa mpwa wake kupiga picha. Mimi naachiwa pasipoti. Lakini Zimwi Kuu anatafuta naibu. Naibu akijifunua siku ya siku, bosi atampa harusi nani? Hakuna kinachoharibika moja kwa moja.

Ijumaa, 7 Juni

Mama kaja studio. Mwenyewe.

Nilimpa shikamoo mbili. Akakaa kwenye stuli, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, mkoba magotini. Akasema amefuata picha zake za kustaafu. Zote anazitaka, lakini hasa ile aliyokaa na mkunga, shoga yake wa tangu ujana, waliyepokea naye watoto wa mji huu usiku na mchana. Mkunga amehamia mbali kwa mwanawe, na miguu yake ni mibovu. Haijulikani kama wataonana tena.

Nikasema printa haina wino. Printa ikatema picha za pasipoti za mtu, nzuri, rangi zote.

Nikasema kompyuta ina virusi. Akasema virusi anavijua, niendelee.

Nikaingia ndani, nikachapa nilichokuwa nacho, nikamletea kwenye bahasha kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akakitazama kile kiti muda mrefu. Akauliza yeye yuko wapi. Nikamwambia ni kabla hajakaa.

Akavua miwani, akaikunja taratibu.

"Kamanda," akasema, "umekula?"

Nilishika meza. Nilitaka kusema neno, likatoka lingine, nadhani nilimpa shikamoo ya tatu.

Akaniambia alijua tangu Jumatatu. Alinyamaza makusudi, akanipa siku zote hizi niende kwake na miguu yangu, kama anavyolipa jipu muda liive. Kila mlango ulipobishwa alidhani ni mimi. Na kumbe mimi, hata leo, uso kwa uso, nimemletea kiti.

Nikamwomba radhi kwa lile jina la Simba wa Wodi. Akasema wodini walimwita mabaya zaidi, hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni jingine. Nyumbani alikuwa akimsimulia mumewe habari za kijana mmoja wa kwenye gemu, kamanda, asiyeondoka vitani mpaka amembeba majeruhi wake wa mwisho. Akimwambia kwamba binti yao angeleta mtu wa namna hiyo, yeye asingeuliza swali la pili.

Sijawahi kusikia uchungu wa namna hii. Nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimefika zamani, nikaondoka mwenyewe, na nikafuta njia nyuma yangu.

Hukumu yake: hasemi ndiyo, hasemi hapana. Nitawaita tena wauguzi wote wa ile sherehe, mimi mwenyewe kwa kinywa changu, nao wapigwe picha Jumapili. Na mkunga awepo. Siku picha zitakapokuwa mkononi mwake, ndipo atakapotoa jibu. Jumapili hiyo hiyo jioni nitaripoti Ngome, si kama kamanda. Kikosi kimemchagua Sindano Moja. Mimi nitaanza chini kabisa, kubeba bandeji. Gemu lile jingine nilifute.

Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 8 Juni

Mguu kwa mguu, nyumba kwa nyumba. Wauguzi wastaafu hawana huruma kwa mtu mzima mwenye afya. Mmoja kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma nimfulie mapazia kwanza. Nimefua. Mwingine kaniita ndani akaniambia nitoe ulimi, sijui kwa nini, na mimi nikautoa.

Mkunga nimempigia simu. Kauliza kama mimi ndiye yule aliyewaambia watabasamu mpaka taya zikamuuma. Nikakiri. Kasema miguu imevimba, safari ni ya kutwa, na yeye na mabasi wameshaachana. Nikamweleza ukweli wote, hata wa kiti. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema atapanda basi la leo hii hii, maana shoga yake angefanya hivyo hivyo.

Ukweli una nguvu za ajabu. Inabidi niutumie zaidi, inapobidi.

Jumapili, 9 Juni

Siku kuu! Nitaikumbuka milele.

Wauguzi wote walikuja nyumbani kwa mama, sare zimepigwa pasi. Mkunga alishuka kwenye gari viatu mkononi, miguu kama maboga. Mama akamkimbilia. Mwanamke yule sijawahi kumwona akitembea haraka, leo kakimbia. Wakashikana, wakabaki hivyo. Nikapiga picha, nikapiga tena, mpaka simu ikaloa. Mchumba kaniuliza kama nalia. Nikasingizia vumbi. Halafu nikamwambia ndiyo, nalia.

Mwisho mama alinishika bega. Akasema leo umefanya la maana, mwanangu. Mwanangu! Akasema kesho nimpelekee picha, na nije na shangazi yangu, kwa kuwa jibu lenyewe si la kumpa mtu akiwa peke yake. Mchumba alinifinya mkono mpaka vidole vikalia. Wakati wa kuagana mkunga alinipungia viatu vyake dirishani, akapiga kelele kwamba nakala yake nisiisahau, kwa sababu yeye safari nyingine haiwezi.

Jioni hii nimeketi kitandani kuipakua Ngome. Sindano Moja yuko langoni ananisubiri, bandeji zimepangwa.

Simu inasema imejaa. Inaniuliza nifute nini.

Milima ya Mazimwi, ndiyo, niliapa. Lakini mtu afikirie vizuri. Leo hii Zimwi Kuu anamtangaza naibu wake, na habari za uhakika ni kwamba ni Mbeba Mizigo. Nikiwa naibu napata harusi. Nikipata harusi naweza kuoa vizuri. Kwa hiyo kubaki Milimani ni kwa faida ya binti yake. Mama mwenyewe angelielewa hili, kama kungekuwa na haja ya kumweleza.

Kuzihamishia picha kwenye kompyuta siwezi, studio imefungwa mpaka kesho. Nimezipitia moja moja. Ni nyingi kupita kiasi, na ukweli ni kwamba nyingi zinafanana: wazee wale wale, wamekumbatiana vile vile. Nimefuta zinazofanana.

Bado inasema imejaa. Nami nikizitazama vizuri hizi zilizobaki, naona nazo zinafanana.