Siku Mtani Aliposema Hatanii

Jumatatu, 16 Juni

Shule zimefungwa siku ya kumi leo. Nyumba yetu ya Mtendeni, hapa Tabora, ina vyumba viwili na watoto watatu, lakini kwa kelele ni madrasa mbili na mnada. Nimechoka kabla ya chai.

Jioni Mwanamkuu, binti yangu wa kwanza, miaka tisa, amerudi na habari za rafiki yake Julieth. Julieth kapelekwa Dodoma, mahali panaitwa Kisiwa cha Watoto. Kuna bwawa lenye mtelezo mrefu kuliko mnara wa msikiti. Kuna gurudumu linapandisha watu hadi mawinguni. Kavishwa mkanda wa karatasi mkononi na wiki ya pili hii hajauvua, anaoga mkono mmoja juu.

Nikasema na sisi tutakwenda. Jumamosi hii hii!

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilikuwa natafuna karanga tu.

Pacha wangu, Kulwa na Doto, miaka mitano, wakaruka hadi sufuria ikaanguka. Mwanamkuu hakuruka. Aliwaambia wadogo zake wasifurahi kwanza. Mwaka jana niliahidi bwawa la Igombe. Mwaka juzi maonyesho ya Sabasaba. Hasahau kitu mtoto huyu. Mke wangu Hafsa akasema, "Sawa, Baba Mwanamkuu," akaendelea kuchambua mchele. Ile sawa yake naijua. Humwambia hivyo hata muuza dawa ya panya.

Imeniuma. Nimeapa: safari hii mtoto ataona kwamba baba yake akisema, kasema.

Jumanne, 17 Juni

Kazini Kanyenye. Cherehani yangu iko barazani mwa duka la mabati. Meza ya pili, baraza hiyo hiyo, yupo Anton, fundi simu, Mgogo wa Dodoma. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo: watani. Miaka kumi na miwili hatujawahi kuambiana neno la maana. Nilipofiwa na baba alikuja akakalia jeneza, akagoma kushuka mpaka apewe jogoo. Msiba wote ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilikuwa nalia.

Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiye na haja, iwapo Kisiwa cha Watoto anakijua. Akaweka bisibisi chini. Akasema Mnyamwezi hapiti Ugogo bure. Babu zangu walipita na pembe za ndovu vichwani, wakatoa hongo ya nguo, ndipo wakanywa maji. Mimi ni fundi, basi yeye anataka shati la mikono mirefu. Akanipa na vipimo! Shingo kumi na sita.

Nikamjibu nchi yenyewe maji haina, hongo ya nini? Akaniita mpagazi mbele ya mteja. Mteja akacheka, akaomba apunguziwe.

Shati nitashona. Nitalivaa mimi.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata mpango. Mpango mkubwa.

Kulwa na Doto wanafanana hata mimi huita wote wawili ili nisikosee. Basi, langoni nalipia mmoja. Kulwa anaingia na mama yake. Baada ya robo saa Doto anafika langoni peke yake, anamwambia mlinzi alitoka kukojoa, anarudi ndani. Sura ile ile, gauni lile lile. Nani atabisha?

Nimeshona magauni mawili sawasawa kwa vipande vilivyobaki vya sare za shule. Kutwa nzima. Sketi za wateja hazijaguswa.

Jioni tukafanya mazoezi. Mimi mlinzi, mlango wa choo ndio lango. Doto akaja, akanyoosha mkono, akasema, "Shikamoo, mimi siyo Doto." Tukarudia. Mara ya nne akakojoa kweli.

Kisha nikaona kasoro. Kulwa hana jino la mbele, Doto analo. Nikawaza kulitoa la Doto. Hafsa alinitazama. Nikaacha kuwaza.

Doto atafunga mdomo. Nimemwahidi pipi. Alifunga mdomo kwa muda wa kuila hiyo pipi.

Mwanamkuu alikaa kizingitini akitutazama. Aliuliza kama tunakwenda kweli, mbona tunafanya mazoezi ya uongo. Nikamtuma chumvi.

Alhamisi, 19 Juni

Leo Anton kazidi.

Mwanamkuu alikuwa ameniletea chakula cha mchana. Anton akaja na kigoda chake hadi miguuni pa cherehani, akakaa, akashusha sauti. Eti dada yake Koleta anaishi jirani na Kisiwa cha Watoto. Eti kampigia simu: panafungwa kuanzia kesho, majuma mawili, matengenezo. Bwawa linakaushwa, gurudumu linashushwa. Eti nisiwasumbue watoto njiani. Akamalizia, "Majidi, safari hii sitanii."

Nilicheka mpaka sindano ikakatika.

Sitanii! Siku ile alipoita watu waje kuona nimeteuliwa diwani, alianza na neno hilo hilo. Nikamwambia hongo hatoipata hata akilia. Akasema shati hataki tena, nibaki nalo, nisikilize tu. Hapo ndipo nilipomgundua kabisa. Mgogo anasamehe hongo? Tangu lini? Hiyo ni mitego ya watu waliosomea.

Jioni akamfuata Hafsa nyumbani, akamweleza yale yale, amekunja uso kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba. Hafsa akaniuliza kwa nini nisipige simu huko Dodoma, namba si iko kwenye tangazo? Nikamweleza: nikipiga, Anton atajua nilishtuka. Ataisimulia baraza nzima mpaka nizeeke. Hafsa akasema, "Sawa."

Ile sawa tena.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala nimekata tiketi. Basi la kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Viti vitatu, pacha mapajani.

Nimeziweka mezani. Mwanamkuu akazisoma, mbele na nyuma. Akasoma jina lake kwa sauti. Akauliza mara moja tu kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akatoka nje, akachota maji, akaviosha viatu vyake vya Iddi, akavianika ukutani. Kisha akavigeuza. Kisha akavigeuza tena.

Kaamini! Nimemwona kwa macho yangu. Nikajifanya natafuta uzi chini ya kitanda ili wasinione uso.

Anton alipita magharibi kusema tena. Nilimfungia mlango nikiwa namcheka. Alisema kitu kwa Kigogo huko nje. Hakikuwa salamu.

Jumamosi, 21 Juni

Dodoma. Naandika nikiwa nyumbani kwa Koleta, nimevaa shati la mume wake. Nitaeleza.

Basi liliondoka kwa wakati, ajabu ya kwanza. Kulwa alitapika kabla ya Itigi. Doto akatapika baada ya Itigi, asionekane kaachwa nyuma. Magauni ya mpango yaliishia ndoo ya kondakta. Hafsa aliwasafisha kwa kanga yake mpya, akiangalia dirishani. Mwanamkuu viatu alivishika mkononi safari nzima visichafuke.

Stendi ya Dodoma, saa saba na nusu, vumbi na upepo wa baridi. Namwona mwanamke mnene anapunga mkono, anaita Majidi, Majidi wa Tabora! Sura ni ya Anton, ila ndevu. Nikajua: kamtuma dada yake aje kunicheka hapa hapa nishukapo. Nikaisukuma familia yangu nyuma ya meza ya muuza chapati. Tukainama. Tukaondoka na bajaji, mimi nacheka. Hafsa alisema yule dada alikuwa amebeba chupa ya chai na vikombe. Nikasema na chai nayo ni mtego.

Tukafika.

Lango lina mnyororo. Kuna kibao: TUMEFUNGA KWA MATENGENEZO. Gurudumu limelala kwenye nyasi vipande vipande. Bwawa halina hata tone, na ndani yake kuna mbuzi wawili wanatafuna karatasi.

Nilisoma kibao mara tatu. Nilitafuta mkono wa Anton kwenye yale maandishi. Haukuwepo.

Pacha walilia. Mwanamkuu hakulia, na ingekuwa heri angelia. Alikuwa ameshavaa viatu. Akaniuliza si Anko Anton alisema? Nikajibu Anko Anton alikuwa anatania. Akatazama mnyororo. Akasema, "Lakini pamefungwa kweli."

Niliona aibu, aibu ya kuungua masikio. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Wakati huo mlinzi akatoka kibandani, mzee mmoja na redio yake kwapani. Kabla sijafungua mdomo Doto akamkimbilia, akanyoosha mkono, akasema, "Shikamoo, nilitoka kukojoa, narudi." Mzee akasema marahaba, akalitazama lango lililofungwa, akamtazama mtoto. Akauliza watu hawa wametoka wapi. Hafsa akasema Tabora.

Mzee alibadilika. Wapagazi! Akazima redio. Wamefika mpaka hapa na hongo hawajatoa? Nani kawaruhusu kukanyaga Ugogo? Akanizunguka kama anayenunua ng'ombe, akashika ukosi wa shati langu jipya la mikono mirefu, akauliza shingo ni ngapi. Kumi na sita, nikasema. Akasema hiyo hiyo ndiyo yake.

Nilivua. Hapo hapo langoni, nikabaki na fulana yenye tundu ubavuni.

Akafungua mnyororo. Akawafukuza mbuzi, akaleta magunia matatu, akawaonyesha watoto jinsi ya kukalia. Mtelezo mkavu, bwawa kavu, chini akawawekea majani na godoro lake la kibandani. Pacha waliteleza wakipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Mwanamkuu alikaa kwanza pembeni, mikono magotini. Mzee akamwambia Mnyamwezi mwoga ndiyo kwanza anamwona leo. Hilo lilimwinua. Aliteleza mara kumi na moja. Mara ya mwisho alicheka kwa sauti, na sikumbuki lini nilimsikia akicheka hivyo.

Wakati wa kuondoka alimshukuru mzee kwa mikono miwili. Aliniangalia fulana yangu, kisha akatazama pembeni, kwa adabu.

Koleta alitukuta langoni, kajua tungekuwa hapo tu. Chai ilikuwa bado ya moto.

Jumapili, 22 Juni

Barabarani siku nzima kurudi. Watoto walilala. Anton alipiga simu tukiwa Manyoni kuuliza kama tu wazima. Hakucheka. Nilisubiri acheke ili nimtukane, hakucheka, jambo ambalo si haki. Nikamwambia nilijua siku zote kwamba pamefungwa. Nikamwambia nilikwenda makusudi, mtelezo mkavu ni bora kwa afya, watoto hawapati mafua.

Nilipogeuka Mwanamkuu alikuwa macho, ananisikiliza.

Jumanne, 24 Juni

Kazini. Sketi za wateja zimerundikana, kila mwenye sketi amekuja na mdomo wake. Mgongo unauma. Anton anadai shati alilichukua mzee wa Dodoma, si yeye, kwa hiyo hongo yake iko palepale. Utani umerudi. Nimepumua.

Mchana, Mwanamkuu alipoleta chakula, niliona nafasi ya kurekebisha mambo. Nikatangaza: Sabasaba tunakwenda Kigoma kwa treni, kupanda boti ziwani. Boti kubwa! Nitakata tiketi za treni ya Alhamisi, siku chache kabla ya sikukuu.

Anton akainua kichwa. Eti asubuhi alikuwa stesheni kutengeneza simu ya karani, kaona tangazo, treni ya Alhamisi wiki hiyo haipo, imesogezwa Jumamosi. Akasema, "Majidi, sitanii."

Nilicheka mpaka nikakaribia kumeza pini. Simlaumu, kajitahidi. Lakini mimi si mtu wa kudanganywa. Mtani akisema kweli mara moja, ujue kamaliza ukweli wake wa mwaka mzima. Kesho asubuhi nakata tiketi. Alhamisi.

Mwanamkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunika bakuli langu vizuri, nzi wasiingie. Kisha akachukua kigoda, akakihamishia upande wa pili wa baraza, akakaa karibu na Anton, akamuuliza kwa sauti ndogo tunaondoka siku gani.

Nimefurahi sana. Mtoto ameanza kujua utani.