Tunaomba Adelard Afe Tena

Mwanaasha binti Shomari (Mama Najma),
Nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya soko,
Tandale, Dar es Salaam.
(Majibu yapitie dukani kwa Anwar.)

Jumamosi, 16 Novemba 1996

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Redio inayotuletea mchezo wa "Bweni Namba Saba".

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: MAREHEMU KUFUFUKA BILA TAARIFA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako, ingawa siku hizi habari ya nani mzima na nani marehemu hapo kwenu inabidi mtu aulize mara mbili. Mimi ni msikilizaji wenu tangu mchezo ulipoanza mwaka 1986. Sijakosa Alhamisi hata moja, isipokuwa mbili nilizolazwa kwa malaria, na hizo nilisimuliwa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Naandika kwa sababu ya ile filamu mliyoonyesha Jumapili kwenye televisheni, ya kusherehekea miaka kumi ya mchezo na kutueleza jinsi unavyotengenezwa. Tuliitazama karibu mtaa mzima, barazani kwa Anwar mwenye duka, kwa kuwa televisheni ni yake. Najua kwamba sasa kila kitu ni ruksa. Lakini sikujua kwamba kumwonyesha marehemu akila mishikaki nako ni ruksa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua. Mtakumbuka ile mvua kubwa iliyomnyeshea Adelard siku aliyofukuzwa shule kwa kosa lisilo lake. Filamu yenu imetuonyesha kwamba mvua ile ni mchele, unazungushwa kwenye ungo na mama mmoja aliyevaa miwani. Ndugu Mkurugenzi, siku ile mimi nilitoka mbio kuanua nguo. Nilikuta na jirani wa pili ameshaanua zake. Kengele ya shule nayo kumbe ni kijiko na sufuria. Hili la kengele nalisamehe, sufuria ina kazi nyingi.

2. Umri. Yule Najat, mwanafunzi mpole wa kidato cha tatu ambaye tulikuwa tukimhofia wavulana, ana watoto wanne, na mkubwa wao ameshaajiriwa. Kwa miaka kumi nimekuwa nikijiuliza kwa nini darasa zima halipandi kwenda kidato cha nne, na nimeilaumu sana serikali kwa jambo hilo. Naomba muiombe radhi serikali kwa niaba yangu.

3. Adelard mwenyewe. Kwa kuwa barua hii itasomwa kwanza na karani wako, ambaye huenda ni mgeni, naeleza: Adelard ndiye kijana pekee wa Bweni Namba Saba aliyekuwa akimwandikia mama yake barua kila mwezi. Mwezi wa nane mlimuua kwa homa. Alikoroma kooni dakika nzima huku akimwita mama yake, kisha ukapigwa muziki. Sasa Jumapili akatokea bwana mmoja mwenye kitambi na fulana ya mistari, jina lake mlilitaja lakini sisi hatukulikubali. Akachukua glasi ya maji, akasukutua mbele ya kamera, akasema ndivyo alivyokata roho. Kisha akacheka na kurudi kwenye mshikaki wake. Mimi nimelia siku tatu kwa ajili ya mtu anayesukutua.

4. Tanga. Msitudhanie wajinga. Tulijua ni mchezo. Lakini Alhamisi ile nilianza kulia chumbani kwangu, akaja mtu mmoja kunituliza (nitamtaja chini), naye akalia, ikabidi tutandike mkeka ukumbini maana chumbani ni padogo. Basi huku kwetu mtu akikuta mkeka umetandikwa na wanawake wanalia, haulizi, anakaa. Hadi kulipopambazuka tulikuwa na msiba kamili. Maalim Suleiman wa msikiti wa hapa jirani aliletewa habari, akasema yeye hasomei watu wa redio, akarudi zake; ila jioni alimtuma mkewe na chupa ya chai ya tangawizi. Siku ya tatu tukaanua tanga kwa heshima zote. Binti yangu Najma aliomba ruhusa kiwandani kwamba amefiwa na binamu yake aitwaye Adelard, akapewa, na wenzake wakampa pole. Msimamizi wake ana televisheni.

5. Hili ndilo hasa lililonikalisha kitako kuandika. Tunapanga nyumba moja na Demetria, mama Revelian, mtu wa Bukoba. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Kwa miaka sita hatukusemezana. Alikuwa ameazima mbuzi yangu ya kukunia nazi, ikarudi imevunjika mguu, na nilipouliza akasema ilikuwa hivyo hivyo. (Naombwa kuongeza hapa kwamba mguu ulikuwa na ufa tangu zamani. Nimeongeza.) Basi tukapishana ukumbini miaka sita bila salamu, tukifua kwa zamu na kuanika kila mtu kamba yake. Redio yangu ilikufa mwaka wa pili wa ugomvi. Tangu hapo mchezo wenu nimeusikiliza kupitia ukutani, kwa redio yake, maana kila Alhamisi saa moja na nusu alikuwa akiifungulia mpaka vikombe vyangu vinatikisika, makusudi ya kunikera.

Alipokufa Adelard nilimsikia analia upande wake wa ukuta, nami nalia upande wangu. Mara mlango ukagongwa, akaingia yeye. Akakaa chini, akanishika mkono, akasema, "Pole, mama Najma." Huku kwetu watu wakipeana mkono msibani ugomvi umekwisha na hautajwi tena, hata angekuwa amekuvunjia mbuzi kumi. Tukakaa miezi mitatu kwa raha. Yeye ananiletea ndizi za kwao, mimi namkunia nazi kwa mbuzi mpya. Nilifurahi, nasema wazi. Sikuwa nimejua nilivyomkosa mpaka nilipompata.

Jumapili, tuliporudi kutoka kwa Anwar, alisimama ukumbini, akanitazama, akasema, "Tulipatana msibani, mama Najma. Sasa msiba wenyewe uko wapi?" Akaingia chumbani kwake na kufunga komeo.

6. Nimelala nikilifikiria neno lake na sijaliona kasoro. Kama msiba haukuwepo, basi ile pole haikutolewa. Kama pole haikutolewa, hatujapatana. Na kama hatujapatana, zile ndizi zote za miezi mitatu nimezila kwa mtu niliyegombana naye, jambo ambalo mama yangu mzazi angelikataa hadharani. Chai ya mke wa Maalim nayo sijui tuihesabu ni ya nini. Maalim mwenyewe anapita akitabasamu. Yote haya yametokana na glasi moja ya maji, Ndugu Mkurugenzi, na glasi hiyo ni ya ofisi yenu.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya haya:

(a) Kituo kitoe barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba Adelard alikufa kweli mwezi wa nane, na kwamba yule wa kwenye filamu ni ndugu yake wa mbali ambaye hawakulelewa pamoja.

(b) Ikishindikana, Adelard arudishwe mchezoni na afe tena, siku ya Alhamisi, kwa ugonjwa usiotumia maji. Tupewe taarifa wiki moja kabla ili tuazime mikeka.

(c) Hilo nalo likishindikana, yule bwana mwenye kitambi aje Tandale mwenyewe. Simtakii baya. Atalala kwenye mkeka ukumbini kwetu asubuhi moja tu, kimya, macho amefumba, bila kucheka wala kutafuna. Sisi tutalia upya, mama Revelian atanishika mkono mbele ya watu, na baada ya hapo bwana huyo ataamka apewe pilau, kisha asindikizwe mpaka barabarani.

Nisalimie wote hapo ofisini. Yule mama wa ungo mwambie mvua yake ilikuwa nzuri, nimemkasirikia lakini ilikuwa nzuri. Msalimie Najat na wanawe wanne, hasa huyo aliyepata kazi. Hata yule bwana wa fulana ya mistari mpe salamu, mwambie apunguze mafuta. Huku Anwar, Najma na Maalim wote hawajambo na wanakusalimu.

Ni mimi, mfiwa nisiye na maiti,

Mwanaasha binti Shomari

N.B. Utaona mwandiko wa barua hii ni mzuri kuliko maneno yake. Mwandiko si wangu. Mkono wangu haufai kupelekwa ofisini, na katika nyumba hii mwenye mkono unaofaa ni mmoja tu, mama Revelian, aliyewahi kuwa karani huko kwao. Jumatatu nilimgongea mlango, nikamweleza kwamba hatusemezani, ni kazi tu. Akakubali kwa sharti kwamba ule ufa wa mbuzi uandikwe. Leo ni siku ya sita tunaandika. Hilo lalamiko la pili tuliligombania mpaka chai ikapoa, akapasha nyingine. Jana tulipofika la tano, pale niliposema redio ya kunikera, aliandika kama nilivyosema, kisha kalamu ikasimama. Akasema bila kuniangalia, "Nilikuwa naongeza ili usikie. Yako si ilikuwa imekufa?"

Nikamwambia alifute neno hilo la kunikera. Amekataa, anasema barua ya ofisini haifutwifutwi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, muhuri msilete, na huyo bwana aachwe na mishikaki yake. Shida iliyobaki ni kwamba barua imekwisha leo, na hatujui kesho tutakaa meza moja kwa sababu gani. Kama kuna kosa jingine lolote mnalokusudia kutufanyia, tunaomba mlifanye kabla ya Alhamisi.