Viboko Watatu Wekundu na Matumbawe ya Mzee Gulled

Jumatatu, 12 Januari

Nimepata! Mzee Gulled, jirani yetu mwenye duka la vitambaa mjini, amekata matumbawe yanayokua katika tangi lake la maji ya chumvi, akanipa vipande vitatu nivilee humo humo, sebuleni kwake. Kila kimoja ukubwa wa punje ya hindi. Vitatu vingine amempa Istarlin, binti ya ndugu yake. Nilitaka kushukuru. Nikatikisa kichwa tu, kama mjusi.

Baba amesikia kwamba nataka kusomea viumbe vya bahari. Alicheka hadi chai ikampalia. Bahari gani, nyathina, mwanangu, hapa Kisii kwenye migomba? Lakini ameweka ahadi. Vipande vikiwa hai Jumapili ya wiki ijayo, nitachagua kozi niitakayo. Vikifa, uhasibu.

Uhasibu! Mungu wangu.

Jumanne, 13 Januari

Mzee ametufundisha. Tone la gundi, kipande juu ya kigae kidogo, kisha kiwekwe chini, mbali na taa kali, hadi kizoee. Baada ya hapo, akasema, tulizeni mikono, kazi kubwa ni kutogusa. Nimeandika yote isipokuwa hilo la mwisho. Halikuonekana la kisayansi.

Istarlin alimaliza upesi akaenda zake kutazama simu. Mvivu! Vyake havitaishi.

Jumatano, 14 Januari

Konokono! Mnene kama limau. Kazi yake ni kulamba mwani kwenye kioo. Usiku amepita akaangusha vipande vyangu vyote. Vya Istarlin hakugusa. Nadhani amehongwa.

Istarlin akaniuliza, wee Adoyo, hata konokono anakuonea? Nilipata jibu kali sana. Nililipata nikiwa nyumbani, naosha sufuria.

Mzee anasema viinue tu. Viinue tu! Mimi nina mpango. Msingi mzito.

Alhamisi, 15 Januari

Mawe laini ya kuchonga, ya Tabaka! Mji mzima umejaa vinyago vya mawe haya na hakuna mwanasayansi aliyewahi kufikiria!

Nilikwenda kwa Ratemo, anayeuza vinyago kando ya barabara. Nilitaka vipande vitupu vya jiwe. Sentensi nilikuwa nimeikariri njia nzima. Kabla sijafungua mdomo, Ratemo akasema, omoiseke, binti, wewe ni mtu wa viboko, nakuona machoni. Akanifungia viboko watatu wekundu, midomo wazi. Ningekataaje? Na wanang'aa kweli.

Mzee alikuwa dukani. Nikagundisha kila kipande mgongoni mwa kiboko. Konokono akaja. Akasukuma. Akashindwa. Akageuka! Nilipiga vigelegele, kimoyomoyo.

Ijumaa, 16 Januari

Maji yamekuwa ya waridi. Waridi kabisa, kama sharubati ya Idi. Rangi ya viboko inatoka. Matumbawe yote yamejifunga: yangu, ya Istarlin, hata lile kubwa tulilokatiwa vipande. Samaki wamejificha.

Mzee aliporudi kutoka msikitini alisimama mbele ya tangi. Kisha akauliza ni nani aliyewaleta viboko baharini. Istarlin akanitazama. Nikatazama dari. Halafu, ajabu, sauti ikatoka. Nikasema ni mimi.

Hakufoka. Alileta madumu ya maji ya chumvi aliyoyaweka akiba, tukabadilisha maji sote watatu hadi vidole vikakunjamana. Akawatoa viboko, akarudisha vipande kwenye vigae. Kisha hukumu: nisitie mkono tangini mpaka aniambie. Vikianguka, Istarlin ataviinua.

Istarlin!

Jumanne, 20 Januari

Naketi mbele ya kioo, mikono nimeifunga kwa leso. Kipande kimoja kimetoa ncha ya kijani! Kisha kikairudisha. Nilipiga kelele, Istarlin akaja mbio. Akavuta kiti akakaa nami hadi adhuhuri. Anasema mimi ni kichaa. Alilisema kwa upole, lakini.

Jumapili, 25 Januari

Vimefunguka! Vyote vitatu! Vidole vidogo vya kijani vinapepea kwenye maji kama majani ya mahindi machanga!

Baba alikuja na koti la kanisani. Akabandika miwani kwenye kioo, akauliza vinakula nini, vinalala lini, vinajua mtu? Nilimjibu. Kwa sauti! Mzee Gulled akamwambia kwamba binti huyu ameshinda mtihani mgumu kuliko yote, kukaa bila kufanya kitu. Baba akanipa mkono kama anavyowapa wazee wenzake. Akasema nichague bahari. Nililia. Istarlin pia, ingawa anadai ni chumvi.

Jioni. Nimetafakari. Viko hai, sawa, lakini havijakua hata kwa unywele. Ndiyo matokeo ya kukaa bure! Shangazi Apondi, anayelima chai kule Itumbe, anasema michai yake ikipewa mbolea huchipua mpaka wachumaji wanalalamika. Amenipa kidogo kwenye mfuko.

Mzee alikataza mkono. Kijiko hakukitaja.