Maradhi ya Bibi Toleo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Peniel yupo nyumbani wiki hii. Ofisini kwao Singida Mjini wanapaka rangi, kwa hiyo amekuja huku Kiomboi na kompyuta yake. Kazi anayofanya alishanieleza mara nyingi. Kila mara nasema ndiyo, asijisikie vibaya.

Leo nilikuwa napepeta alizeti chini ya dirisha lake. Sikutega sikio. Sikio lilikuwepo tu. Alikuwa anaongea kwa simu na mwenzake wa kazini. Anasema Bibi bado hali mbaya. Akitamka "mama" midomo haigusani. Shavu la kushoto limeganda, jicho halipepesi. Ijumaa wakubwa wanataka kumwona, na kama hataongea vizuri, mkataba wa Peniel ndiyo basi tena.

Kiharusi hicho! Mwanangu anauguza bibi wa watu na hajaniambia. Jina nimelishika: Bibi Toleo la Nane. Pengine ni mtoto wa nane kwao.

Ugali umenishinda. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa jirani, Mama Obadia. Sipendi kwenda kwake. Tangu mkwewe apone kiharusi amekuwa daktari, na uenyekiti wa akina mama kanisani anao yeye. Nikauliza kwa siri, kama naulizia mtu mwingine. Uji haujapoa, ameshanitoa yote.

Anasema mgonjwa akandwe kwa mafuta ya alizeti ya moto, asubuhi na jioni. Na hao akina Toleo anawafahamu, ni watu wa Mkalama, upande wa Kinyangiri, wana shingo ndefu. Nilijisikia vibaya, yaani amjue mgonjwa wa mwanangu kuliko mimi? Nikamwambia ndiyo, huyu shingo yake ndefu sana.

Jioni Mchungaji Filipo amemwombea. Akauliza kalazwa wodi gani. Nikasema yuko mikononi mwa Peniel.

Jumatano, 11 Juni

Wakati wa kula nimemuuliza Peniel, kwa mbali tu, Bibi anaendeleaje. Alifurahi kwamba siku hizi nauliza habari za kazi. Akasema leo amepepesa macho yote mawili. Nikashukuru Mungu moyoni. Akaongeza kwamba alipompanua mdomo kidogo, meno yalitokea shavuni.

"Nakifuta kichwa chote, mama. Kesho namwekea kingine."

Alisema hivyo huku anamega tonge!

Huyu nimemzaa mimi? Nimemnyonyesha mimi, mpaka akakataa mwenyewe?  Nikawaza, hiki kichwa anakibadilisha kwa ile mashine, na mashine haiendi bila moto. Alipoingia kuoga nikachomoa chaja, nikaifukia kwenye debe la mtama. Mwanangu asije akafungwa. Na Bibi wa watu apumzike.

Alhamisi, 12 Juni

Peniel ametafuta chaja tangu asubuhi. Mwishowe akakaa chini, machozi yanamtoka. Kompyuta ikizimika leo, kesho hana cha kuwaonyesha wakubwa, na kazi hana. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta sana, hasa uvunguni. Roho inaniuma, lakini nikifikiria kile kichwa, miguu inakataa kwenda kwenye debe.

Mara hodi. Mchungaji, Mama Obadia na akina mama wa kanisani, wana jogoo na chupa ya mafuta. Wamekuja kumwona mgonjwa. Sikuwaita! Peniel akauliza mgonjwa yupi. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama jogoo.

"Bibi Toleo," Mama Obadia akasema. "Mama yako ametueleza."

Peniel alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akageuza kompyuta. Humo ndani yumo bibi wa kuchorwa, kajitanda kanga, anafundisha wakulima habari za mbegu za alizeti. Katuni! Toleo la nane maana yake ndiyo mara ya nane anatengenezwa.

Nikasema nilijua. Hakuna aliyegeuka. Mama Obadia alimkagua, akasema, "Shingo ndefu. Si niliwaambia?"

Nikaenda kwenye mtama nikarudi na chaja. Sikueleza ilifikaje huko. Peniel naye hakuuliza, alinitazama tu, na hilo ndilo baya zaidi.

Akasema muda umekwisha, sasa anataka mdomo wa mtu wa kweli ili Bibi auige. Akanisimamishia simu usoni. Sema mama. Sema mbegu. Sema mvua. Nikasema. Lakini nikitazamwa hivyo nacheka, na nikicheka navuta kanga mdomoni, ndivyo nilivyolelewa. Tukarudia. Kanga. Tukarudia tena. Kanga.

"Pisha, Mama Peniel," akasema Mama Obadia. Akajifuta midomo, akaketi, akatamka "mbegu" kwa sauti kubwa, kama vile mbegu zenyewe ziko mbali huko Manyoni. Peniel akapiga makofi.

Ijumaa, 13 Juni

Wamemkubali! Mkataba wa mwanangu unaendelea. Nimepiga vigelegele mpaka kuku wametawanyika.

Ila Bibi anaongea kwa mdomo wa Mama Obadia. Mdomo wa chini ni uleule, unatangulia. Sokoni anawaambia wauza nyanya kwamba yeye sasa yumo kwenye kompyuta. Mchungaji naye ametoa shukrani kwa uponyaji, na hakuna aliyempinga.

Peniel amenikalisha, akanieleza polepole. Bibi hapumui, hali, haugui. Na nikisikia neno nimuulize yeye kwanza. Nikasema ndiyo. Safari hii nimeelewa kabisa.

Jumanne Bibi analetwa hapa Kiomboi kuonyeshwa wakulima. Yumo kwenye kompyuta, najua. Lakini kompyuta nayo si italala mahali? Nimefua mashuka ya kitanda cha wageni, nimeyaanika nyuma ya nyumba. Mama Obadia akiyaona atawahi kumkaribisha kwake.