Kitambaa cha Kufuma Juu ya Mashine ya Bibi

Asali alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, aliposikia riziki yake ikitajwa. Muuza nyama aliyekuwa akingoja zamu alieleza kwamba jirani yake, bibi mjane mwenye miwani minene, ana kompyuta ya michezo iliyozeeka, na siku hizi magari ya mashindano yanakwenda humo kama yanavutwa kwa kamba. Jumamosi walikuwa washindane, yeye na bibi, naye aliona haya kumshinda mtu kwa sababu ya ugonjwa wa mashine.

Asali hakungoja nusu ya pili. Alivaa kofia akatoka. Jina hilo hakupewa na wazazi; alipewa na walioonja maneno yake kabla nyuki hawajafika. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye bisibisi moja na ulimi usiochoka.

Sebuleni kwa bibi aliuona ugonjwa kabla hajakaa. Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kimeshuka hadi mgongoni, kimeziba vitundu vyote vya hewa. Inakosa pumzi, basi. Mtu mwaminifu angekivua kile kitambaa, akanywa maji, akaenda zake. Lakini Asali alichungulia ubavuni penye kioo, akaona kadi ya picha, kile kipande kinachochorea michezo kwenye skrini, kubwa kama tofali, ina feni tatu. Kwake hakuwa na kitu cha thamani ile, godoro likiwemo.

Akakunja uso. Akaigonga mashine kwa kidole, akaitegea sikio kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mama, nikufiche nini? Kadi yako imekufa. Hicho unachokiona kikitembea ni roho tu, haijaaga."

"Maskini," bibi akasema, akaivua miwani akaifuta. "Na Jumamosi nina shindano."

Asali akaeleza kwamba kadi mfu huambukiza mashine nzima, kwa hiyo ataichukua akaizike mbali, na kesho ataleta nyingine. Mungu amsamehe, aliyasema hayo bila hata kukohoa. Bibi hakutaka kesho. Alisema mashine yenye shimo hailali nyumbani kwake. Kama fundi ana kadi ailete sasa hivi, wabadilishane moja kwa moja, na asirudi mtu kudai.

Hapo Asali akasita. Duniani alikuwa na kadi moja tu nzima, ndogo, ya feni moja, na ndiyo aliyowaonyeshea wateja jinsi mashine inavyoweza kupaa. Ikiondoka, kibandani kwake kitabaki kiti na maneno. Lakini feni tatu kwa moja! Alikwenda mbio akaichomoa.

Aliporudi alimkuta muuza nyama kwenye kochi. Bibi alisema amemwita awe shahidi, maana mjane asiye na shahidi huishi kwa kuambiwa amesahau. Akamwomba fundi arudie maneno yake. Asali akarudia: kadi ya bibi ni maiti, ameichukua kwa hiari yake, ya kwake ameiacha, na atakayejuta alie nyumbani kwake.

"Amina," bibi akaitikia.

Kadi kubwa ilitoka kirahisi, hakuna waya hata mmoja ulioishika kwa nyuma. Asali akaona ni bahati. Akaipachika ndogo, na bibi akamwambia asijisumbue, waya wa skrini atauchomeka mwenyewe.

Asali aliikimbiza sokoni kuiuza, na muuza vipuri aliinusa ile kadi kabla hajaifungua. Ndani ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria.

"Hii iliungua zamani, kaka. Feni tu ndizo zinazunguka."

"Haiwezekani. Mashine ilikuwa inaonyesha picha."

"Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa wapi?"

Asali akaigeuza kadi, akakumbuka ilivyotoka kirahisi. Waya haukuwa kwenye kadi. Ulikuwa chini ya kitambaa, umechomekwa kwenye mashine yenyewe, iliyokuwa ikijikongoja kwa nguvu zake kidogo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huanza kwa kuangalia waya. Lakini Asali alikuwa ameshaona kitambaa, akaridhika na werevu wake. Akili nyingi huondoa maarifa.

Alirudi akitweta. Tangu barabarani alisikia injini zikinguruma. Bibi alikuwa ameshika usukani, magari yanapita kama risasi, na muuza nyama kando yake anatoka jasho.

"Mama, ile kadi ilikuwa imeungua!"

"Si ulituambia imekufa, mwanangu? Tukakuamini." Bibi hakuyatoa macho kwenye kona. "Fundi mwenzako aliniuzia ikiwa hivyo hivyo, akaapa ni mpya. Nikamwomba Mungu aniletee fundi atakayeipenda."

Muuza nyama akamwomba Asali asogee kidogo, anawazibia skrini.

Kona ilipokwisha, bibi akanyoosha mkono mmoja, akakitoa kitambaa kilichokunjwa vizuri mezani, akampa.

"Chukua, baba. Maiti haizikwi bila sanda."